Msimu wa Tatu: Namna ya Kupima Riwaya za Makazi ya Angani

Riwaya zinazosimulia binadamu wakihamia Mwezini, Mirihi na kwingineko katika mfumo wa Jua, yaani Jua pamoja na sayari, miezi na miamba yote inayolizunguka, huwekwa katika kundi la bunilizi ya kisayansi, utanzu ambao mwandishi wake hubuni jambo ambalo halijatokea lakini hujifunga asivunje kanuni za maumbile zinazojulikana, au akizivunja aonyeshe ni ipi aliyoivunja na kwa gharama gani. Wasomaji wengi huzipima riwaya hizi kwa fahari ya roketi na kwa hatari za safari, ilhali safari ndiyo sehemu nyepesi kuandikwa, kwa kuwa ina mwanzo, mwisho na hofu ya wazi katikati. Kipimo kinachoaminika zaidi ni kile kinachoweza kuitwa msimu wa tatu, kwa maana ya kipindi ambacho mbegu zilizobebwa kutoka nyumbani zimekwisha, vipuri vya kwanza vimechakaa, furaha ya kufika imepoa, na watoto waliozaliwa ugenini wameanza kuuliza kwa nini walizaliwa huko.

Msomaji wa nyanda za juu za Kigoma, awe wa Kitanga, wa Kasulu mjini au wa Kibondo, hukiendea kipimo hiki akiwa na maandalizi ambayo wahakiki wengi wa miji mikubwa hawana. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni ya Uingereza iliwakusanya Waha wa sehemu hizo katika makazi maalumu kwa sababu ya malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamishia wakazi katika vijiji vya ujamaa. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Na mwaka 2015 kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya kuwapokea Warundi. Katika historia hiyo yote swali la jinsi watu walivyofika halikudumu sana vichwani, bali lililodumu ni la mahali pa kuchota maji, umbali wa kuni, na nani aliyeshika orodha ya majina. Mgomba, kwa mfano, uliozunguka nyumba ya zamani kwenye mtelemko hauhami pamoja na mwenyewe, na ule unaopandwa upya nyuma ya nyumba iliyopangwa kwa mstari kando ya barabara huchukua mwaka au zaidi kabla ya kutoa mkungu wa kwanza. Muda huo ulio kati ya kupanda na kula ndio ambao riwaya nyingi za Mirihi huuruka kwa aya moja, kisha zikaonyesha bustani ya kijani chini ya kuba la kioo kana kwamba ilishuka na abiria.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kukagua ni hesabu ya uhai, maana yake mizania ya hewa, maji, chakula na nishati ambayo mwandishi ameifanya kabla ya kuandika na ambayo alama zake huonekana katika matendo ya wahusika. Hali halisi ya Mirihi inajulikana vya kutosha kumbana mwandishi: kanieneo ya hewa yake haifikii asilimia moja ya ile ya Dunia, hewa hiyo kwa asilimia 95 hivi ni kaboni dioksidi, uzito wa mtu huko ni asilimia 38 ya uzito wake wa hapa, na udongo wake una chumvi ziitwazo perkloreti, zilizogunduliwa mwaka 2008 na chombo cha Marekani kiitwacho Phoenix, ambazo hudhuru tezi la shingoni la binadamu zikiingia katika chakula. Mkulima wa maharage wa Kasulu akisoma riwaya ambamo mtu anachota udongo wa Mirihi, anaumwagia maji na kuvuna viazi, atataka kujua chumvi hizo ziliondolewaje, kwa maji kiasi gani, na maji hayo yalimwagwa wapi. Mwandishi mzuri huwa amekwisha kulijibu swali hilo, tena bila mhadhara, pengine kwa kumwonyesha kijana aliyepewa kazi ya kuosha udongo kama adhabu.

Umbali nao hauna budi kusomwa kama muda. Ujumbe wa redio kutoka Duniani hadi Mirihi huchukua kati ya dakika 3 na 22 kwenda tu, kutegemea mahali sayari hizo mbili zilipo katika njia zao, na nafasi nzuri ya kurusha chombo hujitokeza mara moja katika miezi 26 hivi. Ukweli huo peke yake unatosha kuzaa siasa, kwa sababu gavana aliyeko huko hawezi kuomba ruhusa jambo likiwa linawaka, wala mtu aliyeko Duniani hawezi kumzuia kwa wakati. Riwaya ambayo wahusika wake wawili wa sayari mbili wanabishana kwa simu wakikatizana maneno imekwisha kufeli, hata kama lugha yake ni tamu.

Mfano unaosifiwa kuliko mingine katika eneo hili ni utatu wa Mmarekani Kim Stanley Robinson, uliotoka kati ya mwaka 1992 na 1996, ambao kitabu chake cha kwanza kinaitwa Red Mars. Walowezi mia wa kwanza wanagawanyika juu ya swali la kama sayari igeuzwe ili ifanane na Dunia au iachwe ilivyo, na mzozo huo, unaobebwa hasa na wanasayansi wawili, Ann Clayborne na Sax Russell, unakuwa na uzito kwa sababu kila upande unajua inachogharimu hoja yake. Lifti ya anga, yaani kebo ndefu mno inayoning'inia kutoka angani juu ya sayari hadi ardhini ili mizigo ipande bila roketi, inakatwa katika mapinduzi na kuanguka ikiizunguka sayari, na tukio hilo, pamoja na ukubwa wake, limetokana moja kwa moja na sheria za mwendo zilizokwisha kuelezwa mapema. Kasoro ya Robinson ni kwamba hupenda mno miamba. Kurasa zake za jiolojia zitamchosha msomaji asiye na subira, na uhakiki wa haki hauna haja ya kuficha hilo.

Hesabu, hata hivyo, ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, na ndiyo iliyo adimu, ni kujua nani anashika kipimo. Katika Buha ya kale, yaani nchi ya Waha, mamlaka ya mwami, mtawala wa kisiasa, yalikaa sambamba na yale ya umuteko, mtu wa ibada aliyesimamia ardhi na kuwapa watu mahali pa kulima, na mgeni aliyefika bila kupita kwake alikuwa hajafika kwa maana kamili. Riwaya ya makazi inapaswa kuulizwa umuteko wake ni nani. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 unakataza taifa lolote kudai umiliki wa Mwezi au sayari, lakini haumwambii mlowezi nani atamgawia chumba chenye hewa, na mwandishi asiyelijaza pengo hilo kwa mtu, ofisi au ugomvi huwa ameandika kambi isiyo na mwenye orodha, kitu ambacho wakazi wa jirani na Nyarugusu wanajua hakijawahi kuwako.

Hapo ndipo kitabu cha Mike Resnick kiitwacho Kirinyaga, kilichotoka mwaka 1998 kikiwa mkusanyo wa hadithi zinazofuatana, kinapostahili kusomwa kwa macho mawili. Kinasimulia Wakikuyu waliohama Kenya na kwenda kuishi katika kidunia kilichotengenezwa angani, wakiongozwa na mganga wao Koriba, msomi wa vyuo vya ng'ambo anayetaka mila zirudi kama anavyoamini zilivyokuwa kabla ya Wazungu. Jicho la kwanza litaona udhaifu mkubwa: mila za Afrika Mashariki zimechorwa kama kitu kilichoganda, wakati jamii halisi zilikuwa zikikopa mazao, maneno na ndoa kwa majirani kila kizazi, na ukali wa Koriba juu ya wanawake na watoto wakati mwingine unawasilishwa kana kwamba ndio Ukikuyu wenyewe. Jicho la pili litaona jambo ambalo vitabu vyenye sayansi nzito zaidi vimelikosa. Koriba peke yake ana kompyuta ya kuwasiliana na idara inayotunza kidunia hicho, na anapoahidi mvua huwa ameomba njia ya kidunia ibadilishwe kidogo. Wanakijiji wanaona uganga, naye anawaacha waone hivyo. Uhusiano huo kati ya maarifa yaliyofichwa na utii wa watu ndio moyo wa kitabu, na unakiinua juu ya makosa yake, ingawa hauyafuti.

Mtunzi wa Wales, Alastair Reynolds, aliyekuwa mwanaastronomia katika Shirika la Anga la Ulaya kabla ya kuwa mwandishi wa kudumu, alichagua njia nyingine katika Blue Remembered Earth ya mwaka 2012. Katika karne ya 22 Afrika ndiyo inayoongoza kwa teknolojia, na ukoo wa Akinya wa Afrika Mashariki una biashara kubwa ya anga iliyojengwa na bibi yao, Eunice. Mjukuu mmoja, Geoffrey, anachunguza tembo wa Amboseli, na dada yake, Sunday, ni msanii anayeishi Mwezini. Mizigo inarushwa kupitia bomba lililopenya Kilimanjaro, na chaguo hilo linastahili sifa kwa kuwa lina sababu: kilele hicho cha mita 5,895 kiko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa Dunia hukipa chombo mwendo wa bure wa kilomita 1,670 hivi kwa saa, na hewa yake ni takriban nusu ya ile ya pwani. Sababu ya ikweta ndiyo iliyowaleta Waitalia kujenga jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ambako setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kumbukumbu ya uhuru wa Kenya. Mwandishi anayejenga juu ya msingi wa namna hiyo huaminika hata anapobuni zaidi. Linalopungua kwa Reynolds ni watu wa chini: ukoo tajiri unaonekana kila pembe, lakini wanaofagia bomba hilo la Kilimanjaro hawana majina.

Inafaa kuonya kwamba si kila safari ya angani ipimwe kwa mizani hii. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ni nchi iliyo hewani, na Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, inamrusha Dzombo aliyehukumiwa kifo hadi kwenye jamii yenye usawa. Kumdai Shaaban Robert aeleze kanieneo ya hewa ya Kusadikika ni kukosa adabu ya usomaji, kwa sababu anga ya vitabu hivyo ni mahali pa kusimama ili sheria na dhuluma za ardhini zionekane vizuri.

Mtu anayenunua kitabu cha aina hii, au mkutubi anayekichagulia shule, asihukumu kwa sura ya kwanza, ambayo mwandishi ameipiga pasi mara nyingi. Afungue katikati, mahali ambapo hakuna chombo kinachotua wala vita, asome kurasa kumi, na atazame kama kuna mtu anayetengeneza pampu, kama mtu huyo anajua maji yataisha saa ngapi akishindwa, kama yuko anayemdai fedha au utii kwa ajili ya pampu hiyo, na kama maelezo ya pampu yenyewe yanatoka katika mikono na hasira za fundi badala ya kutoka kwa profesa aliyeingizwa chumbani ili aulizwe maswali. Atazame pia mazishi, kwa kuwa makazi yoyote yaliyodumu yana wafu, na mwandishi aliyeifikiria sayari yake sawasawa anajua kama wafu wake wanachimbiwa kaburi, wanachomwa, au wanarudishwa katika udongo wa bustani, nani aliamua hivyo, na ni familia gani iliyokataa.