Ilimba Ughaibuni: Safari za Ukoo wa Zawose

Anayeisikia ilimba ya Kigogo kwa mara ya kwanza kupitia spika kubwa za jukwaani huenda akadhani spika zimepasuka. Kila sauti inatoka na mvumo wake, mithili ya nyuki walionaswa ndani ya sanduku. Mvumo huo umetafutwa kwa makusudi. Fundi anayeichonga ilimba hutoboa matundu kwenye sanduku la mti, kisha huyaziba kwa utando mwembamba wa buibui ili sauti ikipita hapo itetemeke. Juu ya sanduku hupangwa vyuma vyembamba vilivyofuliwa. Vingine hupigwa kwa vidole. Vingine haviguswi kabisa, kazi yao ni kuitikia jirani zao wanapolia.

Hicho ndicho chombo alichotembea nacho duniani Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma. Mwalimu Nyerere, aliyetaka ngoma za asili zipate heshima katika taifa jipya, alimwita Dar es Salaam. Baadaye Hukwe akahamia Bagamoyo, akafundisha katika Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Nyumbani kwake napo palikuwa chuo cha aina yake, chenye wake, watoto, wajukuu na wana wa ndugu. Humo mtoto alijifunza kwa kukaa karibu na wakubwa, akasikiliza, akaiga, akakosea, akarekebishwa, hadi mikono ikazoea.

Ukoo huo ulipoanza kualikwa ng'ambo, sanaa hii ilikutana na masikio ya namna nyingine. Mwaka 1996 albamu ya Hukwe iitwayo Chibite ilitolewa na Real World, lebo ya Mwingereza Peter Gabriel, mmoja wa waanzilishi wa tamasha la WOMAD lililoanza mwaka 1982. Mwaka 2002 ikafuata Assembly, ambayo Hukwe aliifanya na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Mwaka huohuo yeye na Charles Zawose, mwana wa ndugu yake, walikwenda Amerika Kaskazini kufungua maonyesho ya Gabriel, katika kumbi kubwa zilizojaa watu waliokuja kusikiliza roki.

Mshangao wa kwanza ulikuwa wa kutyuni. Piano imeigawa ngazi ya sauti katika vipande 12 vinavyolingana, na magitaa na vinanda vingi vya Ulaya hufuata mgawanyo huo. Wagogo wana njia yao. Ukiupiga uzi mmoja, ndani ya mlio wake zimo sauti nyingine ndogo zinazopanda kwa mpangilio wa kimaumbile, na muziki wa Kigogo umejengwa juu ya sauti hizo, hasa kuanzia ya nne hadi ya tisa. Ya saba iko chini ya ile ya piano kwa takriban theluthi moja ya nusu-toni. Sikio lililolelewa na kinanda husema hapo pana kasoro; sikio la Ugogo husikia utamu. Kwa hiyo mwanamuziki wa Ulaya anayetaka kupiga pamoja na ilimba hana budi kuifuata, maana vyuma vyake vimeshawekwa sauti kabla ya safari.

Mshangao wa pili ulikuwa wa watazamaji. Ngoma ya Kigogo haimwachi mtu akae pembeni kwa muda mrefu: anayepita huitikia, anayeitikia hupiga makofi, na anayepiga makofi hujikuta anacheza. Katika ukumbi wa Magharibi mtu amenunua tiketi yenye namba ya kiti, na saa ya ukutani ndiyo inayoamua wimbo uishe lini. Wimbo ambao nyumbani ungeendelea hadi wachezaji watosheke, huko unapaswa kukatwa ili kundi linalofuata lipande.

Lakini mshangao mkubwa zaidi ulikuja kutoka ndani ya familia yenyewe. Wanawake wa Kigogo ni wapigaji hodari wa muheme, ngoma wanazozibana katikati ya mapaja na kuzipiga kwa mikono mitupu. Hata hivyo, katika kundi la Zawose walikuwa waitikiaji na wachezaji. Ilimba, zeze na uongozi wa nyimbo vilikuwa vya wanaume. Hukwe alifariki Desemba 2003, na Charles akafuata mwaka 2004. Mwanawe Hukwe, Msafiri, akaiendeleza kazi kwa njia yake, na mwaka 2017 akatoa albamu ya Uhamiaji.

Kisha Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake, wakasogea mbele. Waliunda The Zawose Queens, wakaanza kutunga, kuongoza na kupiga vyombo ambavyo zamani walivisindikiza kwa sauti tu. Watayarishaji wawili kutoka Uingereza, Oli Barton-Wood na Tom Excell, walifunga safari hadi Bagamoyo kurekodi nao, hivyo safari hii wageni ndio waliolazimika kuzoea mambo ya wenyeji. Albamu yao, Maisha, ilitoka mwaka 2024 chini ya Real World, lebo ileile iliyotoa Chibite. Binti na mjukuu waliokulia kwenye kiitikio wamezipeleka nyimbo zao hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, wakitambulishwa kwa jina la kundi lao wenyewe.