Kuhamisha Zaka kwa Wakimbizi: Hukumu Iliyotenganishwa na Sababu Yake

  

Kila Ramadhani inapokaribia, wapo Waislamu wa pwani wanaouliza kama inajuzu kupeleka zaka zao kwa wakimbizi walioko kambi za Dadaab na Kakuma. Baadhi yetu tulio kwenye mimbari huwajibu kwa neno moja: haijuzu, madhehebu ya Imam Shafi yanakataza kuhamisha zaka. Muulizaji hurudi nyumbani, akaigawa zaka yake noti moja moja kwa wanaopita mlangoni, akaona ameshatua mzigo. Jawabu hilo linahitaji kupimwa.

Kwanza tuwe waadilifu: wanaosema hivyo hawakuzua. Imam Nawawi katika Minhaj ameitaja kauli ya kukataza naqlu kuwa ndiyo yenye nguvu. Tena ipo hadithi ya Muadh bin Jabal (r.a.) alipotumwa Yemen, kwamba zaka ichukuliwe kwa matajiri wao na irejeshwe kwa mafakiri wao. Naye Imran bin Husayn (r.a.) alitumwa kukusanya zaka akarudi mikono mitupu, akaeleza kuwa ameigawa huko huko kama walivyozoea zama za Mtume (s.a.w.).

Kosa ni kuishika hukumu na kuiacha illa yake. Makusudio ni fakiri wa mji, ambaye macho yake yako kwenye mali ya mji ule, asinyimwe haki yake. Abu Ubayd katika Kitab al-Amwal amepokea kuwa Muadh alimpelekea Umar (r.a.) theluthi ya zaka ya Yemen. Umar akampinga. Muadh akajibu kuwa asingepeleka kitu lau angempata wa kukipokea kule. Mwaka wa pili alipeleka nusu, na wa tatu zaka yote, na jawabu lake likawa lile lile. Vilevile katika mwaka wa Ramada, 18 Hijria, njaa ilipowakimbiza watu wa majangwani hadi Madina, Umar aliiahirisha zaka yao. Alipoikusanya baadaye kwa miaka miwili, aliamrisha sehemu moja wagawiwe wao na ya pili iletwe Madina. Haja ndiyo iliyotazamwa.

Pili, wenye kutaja madhehebu wayataje yote. Katika I'anat at-Talibin, kitabu kinachojulikana vyema madrasani kwetu, imenukuliwa kauli ya Ibn Ujayl wa Yemen kuwa yapo masuala matatu ya zaka yanayotolewa fatwa kinyume na kauli mashuhuri ya madhehebu: kuihamisha, kuitoa kwa aina moja tu ya wanaostahiki, na kumpa mtu mmoja. Ajabu ni kuwa mengine tunayatumia kila mwaka. Nani kati yetu huigawa zaka yake kwa aina zote zinazopatikana, watu watatu kila aina? Tumechukua wepesi unaotufaa sisi, tukaacha ule unaomfaa mwenye njaa.

Tatu, wapo wanaoshughulika na mjadala kama mkimbizi ni ibn sabil au siye. Hakuna haja ya kufika huko. Mafakihi wetu wamemfafanua fakiri kuwa ni yule ambaye, kwa mfano, anahitaji kumi naye hapati ila mbili au tatu. Dadaab ilifunguliwa mwaka 1991 kwa watu wapatao 90,000. Katika njaa ya mwaka 2011 walizidi 400,000. Kwa miaka mingi hawakuruhusiwa kutoka kambini bila kibali, basi watachuma wapi? Na mwaka 2025 mgao wao wa chakula ulishuka chini ya theluthi moja ya mgao kamili. Hao ndio wa mbili au tatu katika kumi.

Hatusemi mafakiri wa mtaa waachwe. Jirani mwenye njaa ana haki iliyo wazi, na asiyemjua fakiri wa mtaa wake asijisifu kwa kutuma mbali. Tunasema kinachozidi kisifungiwe mjini kwa jina la fiqhi. Na anayekihamisha ashike masharti: ampe mtu mwaminifu mwenye hesabu, ahakikishe kinamilikishwa mwenyewe mkononi, na kisipunguzwe kwa gharama zisizo na msingi. Kambini wapo pia wasiokuwa Waislamu. Zaka, kwa rai ya jumhuri, ni ya Waislamu. Lakini mlango wa sadaka uko wazi kwa kila mwenye haja.

Enyi maimamu na wanafunzi, tunapoulizwa suala hili tusikimbilie "haijuzu". Tumuulize muulizaji: katika mji wako, ni nani amebaki bila haki yake? Akitutajia, aanze na huyo. Asipompata, tusiwe sisi ndio kizuizi baina ya mali yake na mtoto anayelala na njaa Dadaab.

Wallahu aalam.