Kuijua Filta kwa Jiwe la Tabaka

Anayetaka kupima filta ya picha asianze na machweo. Machweo hupendeza kwa filta yoyote, hata mbovu, maana hakuna shahidi wa kusema jua la jana lilikuwa jekundu kiasi gani. Anza na jiwe. Sisi wa Nyamarambe tuna bahati: Tabaka ni jirani yetu hapahapa Mugirango Kusini, na mawe yake ya sabuni huwa meupe, ya kijivu, ya waridi, mengine yana mishipa ya rangi ya kutu. Kinyago kikishapigwa msasa kwa maji na kupakwa nta, rangi hukolea. Ndipo hupigwa picha kwa simu na kutumiwa mnunuzi wa Nairobi au ng'ambo. Huyo halipapasi jiwe. Ananunua rangi anayoiona kiooni. Likimfikia na rangi nyingine, hatailaumu programu. Atamlaumu mchongaji.

Picha yangu ya kupimia ni hii: sahani nyeupe, bakuli la waridi, kipande cha jiwe la kijivu, jani la mgomba na uso wa mtu mweusi, vyote uvulini mchana, juu ya udongo wetu mwekundu. Kabla ya kuitazama, zima ile hali ya usiku inayokitia kioo umanjano. Nimeona watu wakibishana nusu saa juu ya filta, kumbe mgonjwa ni kioo.

Sasa shusha nguvu ya filta hadi sifuri, hifadhi, kisha linganisha na picha ya mwanzo. Jicho likiona tofauti, filta yenyewe haina hatia; picha imeharibiwa iliposomwa au ilipoandikwa. Uso ukiwa wa bluu na udongo kama wino, basi nyekundu na bluu zimebadilishana viti. Maktaba ya OpenCV, kwa mfano, husoma picha kwa mpangilio wa bluu, kijani, nyekundu, ilhali programu nyingi hutarajia nyekundu itangulie. Mwandishi wa programu azirudishe mahali pake kabla ya lolote lingine. Rangi zikiwa zimepauka kidogo tu, kosa ni la kujificha zaidi. iPhone tangu iPhone 7 ya 2016 hupiga picha kwa kipimo kipana cha Display P3, na huweka ndani ya picha lebo ya kusema hivyo. Programu ikiitupa lebo, namba zilezile husomwa kana kwamba ni za sRGB, kipimo chembamba kilichotolewa 1996, na waridi hufifia. Ama lebo ihifadhiwe, ama namba zigeuzwe ipasavyo.

Kosa ninalolichukia kuliko yote ni la mwangaza. Kila nukta ya picha ina namba tatu, nyekundu, kijani na bluu, kila moja kati ya 0 na 255. Chukua nukta ya bakuli la waridi: 240, 200, 190. Filta ikizizidisha kwa 1.3, zinakuwa 312, 260 na 247. Mbili za kwanza zimevuka dari, zinakatwa, na kinachobaki ni 255, 255, 247: rangi ya maziwa. Waridi limekwisha, na mishipa ya jiwe imekwenda nalo. Kuna programu mbaya zaidi, zisizokata. Namba ikipita 255 huanza tena kutoka sifuri, hivyo 312 huwa 56 na 260 huwa 4. Bakuli hutoka na madoa ya bluu kali pale hasa lilipong'aa. Fundi anayejua kazi hupiga hesabu zote kwa desimali bila kukata kitu njiani, kisha mwishoni, namba ikizidi, huzishusha zote tatu kwa pamoja, ili nyekundu ibaki mbele ya kijani, na kijani mbele ya bluu. Mimi huenda moja kwa moja kwenye ukingo wa bakuli unaong'aa. Waridi likiwa bado hai pale, ninaanza kumheshimu aliyeitengeneza.

Filta ya nyeusi na nyeupe ipimwe kwa jani na udongo. Jicho la mtu huipa kijani uzito mkubwa, karibu asilimia 72 katika sRGB, na bluu asilimia 7 tu. Inayogawa kwa theluthi sawasawa hulitupa jani gizani.

Uso nimeuacha mwisho kwa makusudi. Kodak walisawazisha rangi za filamu kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa Shirley, na ngozi zetu zikatoka kama masizi kwa miaka mingi. Google walipoleta Real Tone kwenye Pixel 6 mwaka 2021, walikuwa wakijibu malalamiko hayo ya zamani. Kwa hiyo tazama shavu lililo upande wa kivuli: je, wekundu na hudhurungi bado vimo, au limekuwa kijivu? Na zile filta za urembo zinazotuchubua ngozi tukiwa harusini, mimi hata sizipimi. Hesabu zake huenda ni safi kabisa; anayetaka weupe huo aniache nje ya picha.

Huna muda wa majaribio yote haya? Fanya la sifuri peke yake. Programu isiyoweza kukurudishia jiwe lako kama lilivyokuwa, ifute leo. Usihangaike kuonja filta zake nyingine.