Glasieri ya Munkoyo Haihitaji Koki

Anayetaka kupika kinywaji cha munkoyo cha lita 15 nyumbani Kambove, Katanga, badala ya pipa zima la kuuza, siku hizi huambiwa anunue glasieri, sanduku lile lile ambalo wauza soda hujazia barafu. Muuzaji atamsifia siku ambazo barafu hukaa ndani bila kuyeyuka. Sifa hiyo haimsaidii mpikaji. Barafu inataka joto la nje lizuiwe kwa siku mbili tatu, ilhali uji wa munkoyo unataka joto lake lisitoroke kwa saa moja au mbili tu. Glasieri ya bei rahisi inayoshindwa kazi ya kwanza inaweza kuifanya ya pili bila taabu.

Kazi yenyewe ni hii. Unga wa mahindi huchemshwa hadi uwe uji mzito, unaokaribia bukari laini. Uji hupoozwa kidogo, halafu hutiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa kwenye kinu. Mizizi hiyo huchimbwa kwenye msitu wa miombo, Katanga na ng'ambo ya mpaka Zambia, na hutoka kwenye mimea ya jamii ya kunde, hasa ya Eminia na Rhynchosia. Ndani yake mna vimeng'enya vya amilesi, vya aina ile inayopatikana kwenye nafaka iliyooteshwa, ambavyo hukata wanga kuwa sukari. Uji uliokuwa umesimamisha mwiko hulegea mbele ya macho yako, kisha huanza kuwa mtamu. Baada ya hapo bakteria wa asidi ya laktiki na hamira za asili huingia kazini, na kesho yake kinywaji kina ukali wake.

Vitabu vya Ulaya vya kupika bia nyumbani hufundisha njia nyingine: kimea cha shayiri huchanganywa na maji na kuachwa kwenye nyuzi 65 hadi 67 kwa saa nzima, bila kuchemshwa kwanza. Kwa shayiri inawezekana, kwa kuwa wanga wake hufunguka karibu na joto hilo hilo. Wanga wa mahindi hufunguka kati ya nyuzi 62 na 72 hivi, na wa mtama hutaka zaidi, joto ambalo baadhi ya vimeng'enya haviwezi kulistahimili. Ndiyo maana akina mama wa Katanga huchemsha kwanza na kutia mizizi baadaye. Viwanda vya bia ya mtama kusini mwa Afrika navyo hufuata mpangilio huo huo. Anayenunua glasieri akafuata kitabu cha shayiri neno kwa neno ataishia na uji mnene na sukari kidogo.

Joto ndilo linaloamua hatua ya mizizi. Ukiitia kwenye uji unaotokota, umeua vimeng'enya. Uji ukipoa mapema, vinafanya kazi polepole, na bakteria hupata mlango kabla sukari haijatosha. Sufuria kubwa ya sherehe haina tatizo hilo, maana ujazo wake ni mkubwa ukilinganishwa na uso unaopoteza joto. Lita 15 ni jambo jingine, hasa mwezi wa sita na wa saba, usiku wa Haut-Katanga unaposhuka chini ya nyuzi 10. Hapo ndipo glasieri inapostahili bei yake. Mvua zikiwapo na hewa ikiwa ya vuguvugu, sina hakika kama inastahili.

Ukubwa kwanza. Hewa inayobaki juu ya uji hunyonya joto, na kifuniko ndicho mahali pabovu kuliko pote, kwa sababu glasieri nyingi za bei nafuu zina povu la plastiki ukutani lakini kifuniko chake ni kitupu ndani. Kwa lita 15 chukua ya lita 20. Ile ya lita 50 inayovutia macho dukani itaugeuza uji kuwa tabaka jembamba lenye uso mpana, na saa moja baadaye utapima na kusikitika. Kifuniko kifunike kwa blanketi. Kabla ya kumimina uji, zungusha maji ya moto ndani kwa dakika chache, la sivyo kuta zenyewe zitakula nyuzi kadhaa.

Plastiki ya ndani nayo ina mpaka wake. Lubumbashi, kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 96, na joto hilo bado linatosha kukunja kuta za glasieri nyepesi. Uji ukishuka chini ya 80 ndipo umiminwe.

Sasa koki. Watu wengi hutafuta glasieri yenye koki chini, kwa kuwa picha zote za wapikaji wa Marekani na Ulaya zinaionyesha. Wao wana sababu. Kimea cha shayiri huacha makapi, maji matamu huchujwa kupitia makapi hayo na kutokea chini, kisha huchemshwa na hopsi kwa saa moja hivi. Uchafu wowote uliojificha kwenye koki hufa katika kuchemka huko. Ukitaka kupika bia ya jamii ya Simba ya Lubumbashi, nunua yenye koki, tena ya duara ili makapi yapate kina.

Munkoyo haichemshwi tena baada ya mizizi kuingia. Uji ulioganda nyuma ya koki leo ndio utakaopanda mbegu ya chungu cha wiki ijayo, na huwezi kujua ni mbegu ya nini. Vipande vya mizizi navyo huiziba. Kwa hiyo mimi ningechukua sanduku lisilo na tundu lolote, lenye kuta laini zisizo na mikwaruzo, nikateka kwa kata na kuchuja kwa kitambaa au chekecheo. Uchachu ufanyike katika chombo kingine, si ndani ya glasieri. Wala kisiwe ndoo ya mabati, kwa maana asidi huyeyusha zinki yake. Na katika mji wa migodi sharti hili lisemwe bila kupepesa: dumu lililowahi kubeba kemikali za kiwandani halifai kwa kinywaji, hata lioshwe mara ngapi.

Kuna wanaosema glasieri inaokoa makala. Inaokoa, lakini si kiasi wanachodhani. Kupandisha maji ya lita 15 kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka ni karibu megajuli 5. Kwa mbabula unaofikisha robo tu ya joto lake kwenye sufuria, hiyo ni zaidi ya nusu kilo ya makala, na glasieri haigusi gharama hiyo hata kidogo. Inachookoa ni moto mdogo wa kusubiria, pamoja na mtu wa kuuchunga.

Kabla ya kutoa pesa, jaribu kwa maji matupu. Weka lita 15 za nyuzi 65 kwenye sufuria yenye kifuniko, ifunge kwa mablanketi mawili ndani ya katoni, koroga na upime baada ya saa moja kwa kipimajoto. Joto likiwa limeshuka kwa nyuzi tano au chini ya hapo, katoni yako inatosha.