Anayekata Matabaka

Msimu wa kupulizia mikorosho ukipamba moto, mkulima wa Chiungutwa akivunjikiwa na mpini wa koki ya bomba lake, kazi inasimama mpaka kipuri kipatikane Masasi mjini. Kidude cha namna hiyo ndicho hasa kinachofaa kuchapwa kwa printa ya 3D, na Dar es Salaam vijana wa STICLab walikwisha kuunda printa hizo kutokana na taka za kielektroniki. Mashine imesifiwa vya kutosha. Mimi namsifu anayekata matabaka.

Printa haijui mpini ni nini. Inajua kutembeza nozeli, aghalabu yenye tundu la milimita 0.4, huku ikimimina plastiki iliyoyeyuka. Umbo lililochorwa kwenye kompyuta huifikia programu ya kukatia matabaka likiwa faili la STL, muundo uliotoka kwenye kampuni ya Charles Hull mwaka 1987: ngozi tupu ya pembetatu ndogondogo. Programu kama Cura huikata ngozi hiyo kwa usawa, tabaka baada ya tabaka. Kila inapogusa pembetatu inapata kipande cha mstari, na vipande huungwa ncha kwa ncha mpaka mstari ujifunge. Pembetatu moja ikikosekana, mstari unabaki wazi, na programu haijui tena ndani ni wapi, nje ni wapi.

Hiyo ni hesabu tu. Ufundi uko kwenye kuulaza mpini. Ukisimamishwa wima utakatika kama biskuti, maana plastiki hushikana kwa udhaifu zaidi baina ya tabaka na tabaka. Ulazwe kwa tumbo, ambalo ndilo bapa, mistari ipite urefu wote, nao utahimili mkono. Sasa tundu la pini linapita ubavu hadi ubavu, na dari lake linaning'inia hewani. Mvivu ataweka vishikizi, kisha avibandue na kuacha makovu. Fundi hulichora tundu upya kwa umbo la tone, ncha juu, kuta zikiinama digrii 45, lijibebe lenyewe.

Unene wa tabaka hauhangaikii: milimita 0.2 inatosha, kwani 0.1 ingerefusha kazi karibu maradufu bila faida kwa mpulizaji. Anaongeza kuta. Halafu anapitia matabaka kwenye skrini, moja moja, akitafuta kipande kinachoanzia hewani. Akikiona, anaugeuza mpini na kukata upya.