Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu: Uhakiki wa Siku ya Bandarini katika Maandishi ya Wallace na Kincaid

Ikisiri

Masimulizi ya wasafiri wa meli za kitalii huisifu siku ya kushuka bandarini kuwa siku njema isiyo na doa. Makala haya yanahakiki namna David Foster Wallace na Jamaica Kincaid wanavyoichunguza furaha ya mtalii, na yanadai kwamba furaha hiyo hutokana na ufupi wa ziara, unaomwondoa mgeni kabla hajasemeshwa na mwenyeji. Mwishoni yanaonesha funzo kwa sera ya Kiswahili cha utalii.

1. Utangulizi

Masimulizi ya aina hii yana umbo linalotabirika. Meli hutia nanga asubuhi. Abiria hushuka, hutembezwa sokoni na kwenye ngome kongwe, hunywa dafu, huoga baharini, hununua kinyago, kisha hurejea chomboni kabla ya jua kutua. Hakuna mgogoro, na msomaji huachwa aamini kwamba bandari yenyewe haina mgogoro. Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii inaweka kanuni ya wakati: ugeni una kikomo, na baada ya hapo mgeni huwa na wajibu kama wenyeji wake. Mgeni wa meli huondoka siku ileile. Wajibu haumkuti.

2. Wallace: Kutazama kutoka Sitahani

Insha ya Wallace, iliyochapishwa katika jarida la Harper's Januari 1996 na kuupa jina mkusanyiko wake wa 1997, inasimulia safari ya wiki moja katika Bahari ya Karibi. Meli inapofika Cozumel, Meksiko, msimulizi habanduki. Anasimama sitahani juu akiwatazama Wamarekani wenzake wakiteremka kuingia bandari maskini, na anaona haya. Ukweli wa insha umo katika kukiri kwamba kubaki juu hakumtoi katika kundi hilo. Udhaifu wake umo papo hapo: haya hiyo inamhusu yeye mwenyewe, na katika tukio hilo wenyeji wanabaki mbali, bila kauli. Insha inaulaumu utalii kutoka mahali palepale ambapo mtalii husimama kupiga picha.

3. Kincaid: Kusemeshwa na Mwenyeji

A Small Place (1988) inahamishia mtazamo nchi kavu. Mgeni wa Kincaid hufika Antigua kwa ndege, lakini starehe yake ina msingi uleule. Kincaid, mzaliwa wa kisiwa hicho, anamsemesha mtalii kwa nafsi ya pili na kukipa historia kila kinachomfurahisha. Jua lisilokatizwa na mvua ni neema kwa mgeni. Kwa mwenyeji ni ukame. Maktaba iliyoharibiwa na tetemeko la 1974 ilikuwa ingali ikisubiri ukarabati kitabu kilipochapishwa, na bahari inayovutia huenda inapokea maji taka.

Inaweza kudaiwa kwamba ukali huu unamgeuza mtalii kuwa kikaragosi. Dai hilo lina uzito, kwa kuwa "wewe" wa Kincaid hapewi nafasi ya kujibu. Hata hivyo, anakiri pia kwamba kila mwenyeji angependa kuwa mtalii, ila wengi ni maskini mno kuondoka. Kinachowatenganisha, basi, ni uwezo wa kwenda na kurudi. Lalamiko lake zito zaidi ni la lugha: lugha pekee aliyonayo ya kulitaja kosa ni lugha ya mkosaji.

4. Funzo kwa Kiswahili

Bandari za Mombasa na Zanzibar, ambazo nazo hupokea meli hizo, zina lugha yao. Swali ni kile lugha hiyo inachoruhusiwa kusema. Katika "hujambo" na "sijambo", kiambishi hubeba nafsi: yupo anayeulizwa na yupo anayejibu. "Jambo" tupu, neno linalomlaki mtalii, limezipoteza nafsi zote mbili. Mgeni husalimiwa bila kuulizwa hali, na hujibu kwa neno lilelile. Salamu hiyo inamfaa mtu ambaye atakuwa ameondoka jioni.

Mtaala wa Kiswahili cha utalii ukiishia kwenye salamu na bei, utaendeleza ukimya wa Cozumel kwa maneno ya Kiswahili. Njia mbadala ni kutunga maelezo ya makumbusho, vibao na simulizi za waongozaji kwa Kiswahili kwanza, yakiwemo masuala ya maji, ardhi na ajira, kisha kuyatafsiri. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, ina nafasi nzuri ya kuiongoza kazi hiyo.

5. Hitimisho

Wallace ameonesha aibu ya mgeni, na Kincaid hasira ya mwenyeji. Mazungumzo kati yao bado hayajaandikwa. Sera haiwezi kurefusha ziara ya meli, lakini inaweza kuamua kwamba katika saa chache hizo mwenyeji aulizwe, ajibu, na asikike kwa lugha yake.