Pongezi kwa Wachomeleaji wa Bukoba na Muleba

Wachomeleaji wa Bukoba na Muleba, yaani mafundi wanaounganisha vyuma kwa joto la umeme, wanastahili pongezi kwa kazi ambayo wengi huiona ndogo: kichanja cha bustani, ambacho ni kiunzi chenye paa la upinde kinachobeba mimea itambaayo, kama vile mpasheni, na kumpa kivuli anayeketi chini yake. Nondo hukunjwa polepole kwenye meza yenye vigingi hadi matao mawili yalingane sawasawa, kisha huunganishwa kwa vyuma vyembamba vya kukingama, na miguu yake husimikwa katika zege. Fundi mahiri hujulikana kwenye viungo, kwa sababu Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na kutu huanzia palipoachwa tundu. Kwa hiyo hugonga ganda linaloachwa na kijiti cha kuchomelea, husugua kwa brashi ya waya, kisha hupaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mwisho.

Ustadi huu una mizizi mirefu, kwani uchimbaji wa kiakiolojia ulioongozwa na Peter Schmidt huko Katuruka ulionyesha kwamba watu wa Buhaya, yaani eneo hili la Bukoba na Muleba, walifua chuma yapata miaka 2,000 iliyopita. Mwenye kibanja, yaani shamba la migomba linaloizunguka nyumba, asiagize kichanja kutoka mbali. Amwendee fundi wa jirani, na amlipe ujira wake kamili.